Jina Lililoitwa Juu ya Beseni

Dieula alipoliita jina mara ya tatu, mtu akaitika. Aliyesikia ni dada yake, Keteli, peke yake, maana ndiye aliyeshika kipaza sauti na kuvaa hedifoni. "Eeeh," sauti ilisema, nzito, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Odelin, nani kaitika?" Keteli akauliza.

"Papa," Odelin, mwongozaji wa filamu, akajibu, na kundi zima likacheka.

Papa mwenyewe, yule samaki mla watu wa filamu yao, alikuwa sponji iliyopakwa rangi ya kijivu na kufungwa juu ya mtumbwi mbovu, jicho moja likimtoka kila wimbi likimpiga. Filamu ya watu wasio na kitu, hiyo! Pale pwani ya Jacmel, Haiti, hawakuwa na taa, wala kamera ya kuzamia. Basi walitandaza shuka jeupe juu ya fito kupunguza ukali wa jua, wakajaza maji kwenye beseni, wakamimina sharubati nyekundu iwe damu, na Dieula akainama hapo kumlilia mchumba aliyeliwa. Mchumba huyo aliitwa Benisoit. Odelin alimpa jina la kaka yake, aliyezama mwaka jana tarehe kama ya jana, kwa mapenzi tu, asije akasahaulika.

Shuka jeupe, beseni la maji, jina la aliyezama mara tatu. Jamani! Kila mtoto wa Haiti anajua kwamba hivyo ndivyo ndugu wanavyomtoa mtu wao chini ya maji ukitimia mwaka na siku moja, na kwamba lazima mganga awepo na mtungi wa kumpokea. Hawa walikuwa na kila kitu isipokuwa mtungi. Wala hakuna aliyegutuka, kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye kamera.

"Kata!" Odelin akapaza sauti.

Dieula hakuinuka. Harufu ya mwani uliooza ikajaa chini ya shuka, na nywele zake, ambazo hazikuwa zimegusa maji tangu asubuhi, zikaanza kuchuruzika.

"Odelin," akasema kwa sauti ya kiume, "mbona uliniachia mkono?"

Odelin akaanguka mchangani, akalia kama mtoto. Wenzao wakatimua mbio.

Keteli alikimbia kumwita Mama Selimeni, mganga, naye akaja na mtungi kwapani na hasira usoni.

"Nyie mna akili kweli? Mnamwita mtu na hamna pa kumweka!" Akamshika Keteli kidevu. "Sikia, binti. Litaitwa jina moja tu, la Benisoit. Ukimtaja mdogo wako, mtungi utamchukua yeye. Na nikishaufunga, haufunguliki tena."

"Nimesikia, mama."

Odelin akaliita jina la kaka yake, akaita tena, sauti ikimkatika, na Dieula akakakamaa, midomo ikawa ya buluu, maji ya chumvi yakamtoka puani na mdomoni, yakaja na mchanga na vipande vya mwani, na kifua chake kikapanda mara moja, kikashuka, kikatulia, na Keteli, aliyemlea binti huyo tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, akatazama kile kifua kisichopanda tena akahisi roho yake inang'oka.

"Dieula!" akapiga ukelele. "Dieula, mdogo wangu, usife!"

Kifuniko kikabana, tap. Mama Selimeni alikuwa amekwisha kufunga.

Dieula akavuta pumzi. Macho yakafunguka, rangi ikamrudia, na Keteli akamkumbatia huku akicheka na kulia. Mganga hakucheka. Ni desturi maiti aliyetolewa majini asalimie ndugu zake kutoka mtungini, basi akauinamia.

"Haya, Benisoit. Sema na ndugu zako."

Kutoka ndani ya mtungi ikaja sauti nyembamba, yenye hofu:

"Dada Keteli? Dada, mbona giza? Nitoeni humu."

Keteli akaugeukia mtungi. Yule aliyekuwa mikononi mwake akajitoa taratibu, akajifuta sharubati kidevuni, akamgeukia Odelin.

"Inuka, mdogo wangu," akamwambia. "Twende tukamsalimie mama yetu."