Reli ya Mtego

Land Cruiser nyeupe ilikata kona kwa magurudumu mawili.

Sindano hakupunguza mwendo. Aliilalia pikipiki yake ya Yamaha, akaifuata kona ileile huku goti likikaribia kugusa changarawe. Risasi ya kwanza ilipita juu ya kichwa. Ya pili ilivunja kioo cha pembeni.

Mjinga, alisema moyoni. Mtu anaendesha na kupiga risasi kwa wakati mmoja! Mshika mbili moja humponyoka.

Ikamponyoka kweli. Gari lilipanda ukingo wa barabara, likabamiza mti, likalala ubavu na kutulia.

Sindano alishuka, Beretta mkononi. Ofisini walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa mwanamke mwembamba, na kwa sababu waliochomwa naye hawakumsahau. Ndani ya gari alimkuta mtu aliyeamriwa kumfuata tangu asubuhi. Walimwita Fundi. Alikuwa hai, ila mguu umevunjika na maneno yamemwisha. Sindano alimfunga pingu kwenye usukani, kisha akavuta begi lililokuwa kwenye kiti cha nyuma.

Alitarajia baruti.

Alikuta vipande vya chuma vilivyokatwa kwa msumeno, vinene, vimejaa grisi nyeusi.

Alivijua vyuma vile kabla hajajua kusoma.

Akabonyeza redio.

"Sindano kwa Mkuu."

"Sema."

"Begini hamna bomu. Kuna kufuli za leva, za kibanda cha siginali."

"Niambie kwa lugha ya watu."

"Siginali za zamani zinaendeshwa kwa leva. Chini ya sakafu kuna vyuma vinavyofunga leva hizo zenyewe kwa zenyewe. Ukivuta ya kuruhusu treni ya huku, ya kuruhusu treni ya kule inakaza. Huwezi kuziita zote mbili kwenye njia moja, hata ukiwa umelewa. Sasa mtu amevikata."

Upande wa pili, Mkuu alifunua karatasi.

"Basi ndiyo maana," alisema. "Fundi anatumwa na Muuzaji. Yule mgeni wa kampuni ya nje anayeuza mitambo mipya ya kuongozea treni. Mkurugenzi wa reli alimkatalia. Alisema leva zake bado zinafanya kazi, hana haja ya kompyuta ya mtu."

"Kwa hiyo leva zikiua watu..."

"Atauza mitambo yake nchi nzima. Na leo Mkurugenzi mwenyewe yuko njiani, anakagua."

"Simamisha treni."

"Nimepiga makao makuu ya reli. Simu inaita tu. Wote wamekwenda kumsindikiza bosi wao."

Sindano alitukana. Tusi hilo tuliache hapohapo kwenye changarawe.

Kisha akafikiri. Kukata vyuma peke yake hakutoshi. Mashine ile iliundwa na watu waoga, na uoga wao ulikuwa na akili. Waya ukikatika, mkono wa siginali unaanguka kwa uzito wake na kusema simama. Umeme ukizimika, simama. Ikiumwa popote, inasema simama, ilimradi imepakwa grisi. Ili iseme uongo, lazima mtu awe ndani ya kibanda, avute leva kwa kupenda kwake.

Na katika njia ile kilibaki kibanda kimoja tu cha leva. Mtu wake wa siginali alikuwa mjomba wake.

Mama yake Sindano alipofariki, mjomba ndiye aliyemchukua. Alimlea kwenye nyumba ya wafanyakazi iliyo chini ya kibanda, pamoja na mwanawe wa kiume. Sindano alijua kuhesabu kwa kengele za treni kabla ya kuhesabu kwa vidole. Sasa alimwona mzee yule akilini, ameshatupwa sakafuni, koo wazi, na muuaji amekaa kwenye kiti chake.

Alipiga Yamaha teke. Kufa na kupona.

*

Kibanda kilikuwa juu ya nguzo, madirisha pande zote. Jua la mchana lilikuwa kali, na paa la bati lilikuwa likilialia kwa joto. Sindano alipanda ngazi kimyakimya, bastola mbele. Akausukuma mlango kwa bega.

Mjomba alikuwa peke yake. Mzima. Amevaa sare yake, vifungo vyote vimefungwa.

"Mpwa wangu!" alisema. "Unaingia kwa watu na bunduki kama mgambo? Hodi huijui tena?"

Sindano alishusha bastola.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa. Umekonda zaidi. Huko mjini hawali?"

"Mjomba, sikiliza. Kuna watu wamekata kufuli chini ya sakafu. Usivute leva yoyote. Wanataka kugonganisha treni."

"Hebu kwanza nimalize hii," alisema mjomba, akaikamata leva nyekundu, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote. Leva ikaja. Nje, mbali juu ya kilima, mkono wa siginali ukainuka. Pita.

Sindano hakutazama mkono ule. Alitazama kitambaa.

Kitambaa cha mjomba kilining'inia kwenye msumari wake, kikavu, kimekunjwa. Mjomba alikuwa amevuta leva kwa mkono mtupu.

Mtu wa siginali hafanyi hivyo. Hafanyi hata akiwa na homa. Jasho ni chumvi, na chumvi ni kutu. Leva iliyoshikwa hivihivi leo, kesho imeshaanza kuharibika. Sindano alichapwa viganja mara ngapi utotoni kwa kosa hilo? Mzee yule alizifuta leva zake kuliko alivyofuta viatu vyake. Asiyejali kutu ya kesho ni yule anayejua kwamba kesho haipo.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Bastola ilipanda tena yenyewe.

"Mjomba. Kwa nini hukutumia kitambaa?"

Mzee alitazama viganja vyake. Hakukana. Pengine alichoka.

"Ungechelewa kidogo tu," alisema. "Nisingependa uone."

"Ni wewe uliyemfungulia Fundi mlango."

"Nilimshikia na taa."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza wewe? Wewe uliyemzika ndugu yako pamoja na mimi?"

Binamu yake Sindano alikuwa msaidizi wa dereva. Siku ile mjomba alirudisha leva kama kawaida, lakini mkono wa siginali ulikwama juu, kwa sababu Mkurugenzi alikuwa amewafukuza watu wa grisi ili kubana matumizi. Treni ya kijana ikapita, ikagongana na nyingine, naye akafa. Tume ya Mkurugenzi ikasema mashine haina kosa, mzee ndiye aliyesahau leva. Wakamwacha kazini kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeijua kazi. Kila siku aliingia kibanda kilekile, na kila siku watu walimnyooshea kidole kama muuaji wa mwanawe.

"Muuzaji alikaa hapo ulipo," mjomba alisema. "Hakunipa kitu. Alinisikiliza tu. Toka mwanangu afe, hakuna aliyewahi kunisikiliza. Akaniambia Mkurugenzi anakuja kwa kiberenge, kile kigari kidogo cha ukaguzi, yeye na wapambe wake wawili waliokaa kwenye tume. Treni ya mafuta inashuka kilimani. Itawafagia, na dereva wake hatahisi hata mtikisiko."

"Hasira hasara, mjomba. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nilikufundisha nikiwa na mtoto."

Kwenye rafu kulikuwa na kisanduku cha mbao chenye kengele ya shaba. Waya wake ulitoka kituo cha jirani. Treni ikiondoka kule, mwenzake mjomba hubonyeza, na kengele husema ni treni ya aina gani.

Ikalia.

Gonga mbili ni kiberenge. Hilo hata Sindano alilijua.

Mbili.

Ikaendelea. Tatu. Nne.

Gonga nne ni treni ya abiria.

Mjomba aliitazama kengele. Akabonyeza kumwuliza mwenzake kama amekosea. Kengele ikarudia. Nne, polepole, bila haraka.

"Behewa la Mkurugenzi limefungwa nyuma ya treni ya abiria," Sindano alisema. "Kiberenge kingekuwa habari ya siku moja. Muuzaji anataka msiba wa taifa, mjomba. Amekutumia."

Uso wa mzee ulikufa palepale. Sindano alikuwa ameona watu wengi wakipigwa risasi. Hakuwahi kuona mtu akipigwa hivyo.

"Watoto," mjomba alisema. "Mle mna watoto."

Akairukia leva nyekundu, akairudisha. Mkono wa siginali ukaanguka. Simama. Lakini honi ilishalia upande wa huku wa kilima. Treni ya mafuta ilikuwa imeupita mkono ukiwa juu, na sasa ilikuwa inateremka na matangi yake yote. Breki gani itaishika?

"Reli ya mtego!" Sindano alipiga kelele.

Wazee wa reli hawakuamini mtu. Mbele kidogo ya kibanda waliweka kipande cha reli kinachogeuka: treni ikipuuza siginali, kipande kile huitupa nje, kwenye lundo la mchanga, kabla haijaingia njia ya wenzake. Afadhali ianguke peke yake kuliko igongane na nyingine. Mjomba alijaribu kuivuta leva ya kipande hicho. Haikusogea. Wakaishika wote wawili. Haikusogea.

Mjomba alichungulia dirishani.

"Fundi ameibana reli kwa jiriwa," alisema. "Mshenzi yule. Ameikaza kwa chini nisiweze kugeuza nia."

Alichukua nyundo kubwa ukutani.

"Nipe mimi," Sindano alisema. "Nina mbio kuliko wewe."

"Na nani atakuonyesha pa kupiga? Shika leva. Ukisikia imelegea, vuta. Usiningoje."

"Mjomba..."

"Njia niliifungua mimi. Vuta, binti yangu."

Alishuka ngazi kama kijana. Sindano alimwona akivuka changarawe, akipiga magoti, akiinua nyundo. Sauti ya chuma ikafika juu. Tena. Tena. Treni ilijitokeza kwenye kona, cheche zikiruka magurudumuni, honi ikilia mfululizo.

Nyundo ilishuka mara nyingine, na leva ikalegea mikononi mwa Sindano.

Hapo ndipo alipoona. Mjomba alikuwa upande wa mchanga. Mgongoni mwake ukuta wa mawe, mbele yake treni. Hapakuwa na pa kukimbilia. Leva ile ikivutwa, matangi yote yatakwenda pale aliposimama.

Mzee alijua. Alisimama wima, akanyoosha mkono wake wa kulia sawasawa na bega, kama mkono wa siginali uliolala.

Simama.

Sindano alivuta huku akipiga yowe lililomtoka tumboni.

*

Kichwa cha treni kilizama mchangani hadi madirishani. Tangi la kwanza lilipanda juu yake, la pili likalala. Mafuta yalimwagika, mchanga ukayanywa, moto haukuwaka. Dereva alitoka dirishani akitambaa, bega limevunjika, akimwita mama yake.

Mjomba hakuonekana. Aliitwa na mpwa wake, akaitwa tena, kisha hakuitwa tena.

Redio ikakoroma.

"Sindano. Hali?"

"Treni ya mafuta iko mchangani. Ya abiria itasimama kwenye siginali. Wote salama."

"Safi sana. Na Muuzaji tumemkamata hotelini. Hutaamini: alishaandika hotuba ya rambirambi." Mkuu alicheka kidogo. "Hasara upande wetu?"

"Mtu mmoja."

"Nani?"

"Mtu wa siginali," alisema Sindano, akazima redio.

Treni ya abiria ilikuja taratibu, ikasimama mbele ya mkono uliolala. Vichwa vilijaa madirishani. Mwanamke mmoja alimwinua mwanawe ili aone matangi yaliyoanguka, kama watu waonyeshwavyo wanyama. Kutoka behewa la nyuma alishuka mtu mnene mwenye suti ya kijivu, na wapambe wawili wakimfuata. Mkurugenzi alitazama mchanga, akatazama kibanda, akatikisa kichwa.

"Yule mzee tena?" alisema. "Nilijua. Niliwaambia toka mwanzo, mashine haina kosa."

Sindano alimsogelea mpaka wakakaribia kugusana. Viganja vyake vilikuwa vimechunika.

"Ndiyo, ni yeye," alisema. "Leo kosa ni lake, na nitalisema hivyo mbele ya yeyote atakayeniuliza. Aliwafungulia mlango watu wa Muuzaji. Halafu akaufunga kwa mwili wake."

"Kumbe. Basi..."

"Sijamaliza. La kwanza lilikuwa lako. Ulifukuza watu wa grisi, mkono ukakwama, mwanawe akafa, nawe ukamtwika yeye maiti ya mtoto wake. Muuzaji hakulazimika kumtafuta mtu wa kumharibu. Alimkuta ameshaharibiwa. Hilo nalo nitalisema."

"Binti, unajua unazungumza na nani?"

"Najua. Na wewe ujue uko hai kwa sababu ya nani."

Wapambe wa Mkurugenzi walitazama viatu vyao.

Sindano alirudisha Beretta kiunoni, akampa mgongo. Alitembea kando ya treni kwa mwendo wake wa kawaida, behewa hadi behewa, na watu walimpungia mikono bila kujua wanampungia kwa nini. Kijana mmoja alimpigia mluzi. Alimjibu kwa kuinua kidole kimoja, bila kugeuka.

Alipolipita behewa la mwisho, ambako hapakuwa na mtu wa kumwona, alikaa juu ya reli iliyokuwa bado na joto la magurudumu, akamlilia mjomba wake.