Gitaa Lililokataa Kulia

Stendi ya Kasulu ilijaa vumbi jekundu na kelele za wapiga debe. Mwanaheri, mwenye duka la rangi, alikuwa akipokea makopo yake kutoka kwenye basi alipomwona kijana mwenye shati la bluu amechuchumaa, amefungua boksi palepale chini. Ndani mlikuwa na ubao uliochongwa kiuno, shingo yake pembeni, nyaya na skrubu vifukoni.

"Kaka, hilo gitaa limevunjika?"

"Halijazaliwa bado, dada," kijana alicheka. "La umeme. Naliunganisha mwenyewe. Naitwa Hilali, muuguzi hapa hospitali."

"Na rangi?"

"Hapo ndipo sijui pa kuanzia."

Wakaanzia nyuma ya duka. Kila jioni Mwanaheri alifunga ushungi wake wa zambarau kisogoni, wakapiga msasa, wakapaka vanishi, wakasubiri ikauke, wakapaka tena.

"Sasa sauti inakaa wapi humu?"

"Kwenye sumaku hizi. Uzi ukitikisika, sumaku inasikia."

"Kumbe! Kama wewe nikipita."

"Mimi hata usipopita, mpenzi."

Siku moja mteja akasema, "Muuguzi wenu si anahamia Kibondo?"

"Ulijua, ukanyamaza!" Mwanaheri alimwambia Hilali alipofika jioni.

"Niliogopa utaacha kuja kabla hatujamaliza."

"Kwa hiyo mimi fundi wako wa rangi tu?"

Hilali akaondoka na gitaa lake kwenda Kibondo. Alipiga simu, Mwanaheri hakupokea. Wiki zikapita, hasira ikapungua, lakini udadisi ukazidi kumla Mwanaheri. Mchana mmoja akapiga mwenyewe.

"Limelia?"

"Mwanaheri! Halijalia. Nimeunganisha kila kitu, nimechomeka kwenye spika, kimya."

"Umefungua uangalie?"

"Naogopa kuligusa bila wewe."

"Mwongo."

"Wallahi!"

Jumamosi Mwanaheri akapanda basi la Kibondo na shangazi yake, Mwanahawa. Walipofika kwa Hilali, wakafungua kifuniko cha nyuma cha gitaa: waya mmoja ulikuwa unaning'inia. Mwanaheri akaushika kwa koleo, Hilali akaulehemu, moshi ukawapanda puani.

"Piga wewe," alisema Hilali.

Akagusa uzi. Sauti ikaruka kutoka kwenye spika, shangazi akamwaga chai. Mwanaheri akaweka kiganja juu ya ubao, akausikia ukitetemeka.

"Nilikosa kukuficha," Hilali alisema taratibu. "Nikituma wazee, watapokelewa?"

Shangazi akafuta gauni lake, akamtazama binti.

"Watume," alisema Mwanaheri. "Ila ukihamishwa tena, nijue kabla ya wateja wangu."

"Kabla hata ya mganga mkuu," aliapa Hilali.