Wi-Fi ya Wening

Kiyoyozi cha ghorofa ya tatu ya soko la kompyuta, Surabaya, kilikuwa kimekufa, na fundi Panji alikuwa amechoka kiasi cha kutojali tena jasho lake. Mwanamke mmoja akajipenyeza katikati ya wateja, blauzi ya batiki ya kahawia, mtandio wa rangi ya embe bichi, akamwekea mezani kidude cha wi-fi cha kuchomeka kwenye kompyuta.

"Nimeuziwa kibovu, Mas," akasema, kwa neno la pale la kumwita kaka.

Panji akakijaribu. "Kizima hiki. Kompyuta yako inatumia Linux?"

"Ndivyo nilivyoikuta."

"Basi haikijui. Inataka kutengenezewa draiva, programu ya kukitambua."

"Nikuletee hapa?"

"Usihangaike kubeba. Nitapitia nikifunga."

Hiyo "nitapitia" ndiyo iliyomponza.

Wening, ndilo jina la yule mwanamke, alikuwa akitengeneza kadi za harusi za watu kwa kompyuta, nyumbani kwa baba yake. Draiva ya kuleta intaneti yenyewe ilitaka intaneti, kwa hiyo Panji akaiunga simu yake na kompyuta kwa waya. Simu ikiwa imefungwa pale, asingeweza kuondoka. Akaletewa chai ya barafu, akasimuliwa habari za bibi harusi aliyebadilisha bwana kadi zikiwa zimeshachapwa.

"Ukamchapia nyingine?"

"Ningefanyaje, Mas? Anayeolewa ni yeye."

Panji akacheka mpaka akajishangaa. Taa ya kidude ikawaka, naye akatamani ingekawia.

Lakini mfumo ulipojisasisha, draiva ikaachwa nyuma na taa ikazimika. Wening akapiga simu.

"Mas Panji, mgonjwa wako kazimia tena."

"Umempa nini?"

"Sijampa kitu. Labda amemkumbuka daktari."

Ikawa ndiyo kawaida yao. Kila mfumo ukijisasisha, Panji huvuka jiji kwa pikipiki baada ya kutwa nzima kusimama, moshi puani, miguu imemvimba. Alimpenda, na alikuwa hoi, na yote mawili alishindwa kuyasema. Akiaga husema tu, "Karibu kwetu nawe, upite siku moja." Wening hujibu, "Asante, Mas," na hapiti, maana pale kwao karibu isiyo na siku wala chakula ni adabu tu.

Jioni moja ya mvua, huku macho yakimwasha, Panji akaamua kuimaliza kazi. Akaipanga draiva ijitengeneze yenyewe kila mfumo ukijisasisha.

"Haitakusumbua tena," akasema, akipiga miayo.

"Haitakusumbua wewe," Wening akajibu polepole.

"Sote wawili."

Simu za Wening zikakoma. Panji aliiweka simu yake karibu na mkono, akaiangalia katikati ya kila kazi. Kumbe nilikuwa fundi tu, akajisemea, na moyo ukamuuma kwelikweli. Kumpigia bila shughuli aliona haya. Angeanzia wapi?

Msimu wa mvua ulikuwa umeisha alipouona tena ule mtandio wa rangi ya embe. Wening hakusalimia. Akaweka kidude mezani.

Panji akakichomeka. Taa ikawaka palepale. Akakichomoa, akakirudisha, ikawaka tena.

"Hakina ugonjwa."

"Najua."

"Sasa umekileta cha nini?"

"Ningekuja na nini kingine, Mas? Ulikitengeneza kisiharibike tena. Nikaelewa kwamba umenichoka."

Panji akavuta kiti, akaketi. "Nilichoka na barabara, Wening. Wewe sijakuchoka hata siku moja. Si nilikuwa nakukaribisha nyumbani?"

"Kila mtu hukaribisha. Hata mwenye kudai kodi hukaribisha."

Mteja mmoja akauliza bei ya kibodi. Hakuna aliyemjibu.

"Basi mimi ndiye nije," Panji akasema. "Jumapili, saa nne asubuhi. Nakuja na mama."

Mwanamume haji na mama yake kutazama kompyuta. Wening akakichukua kidude, akakitia mkobani, akafunga zipu.

"Baba atataka kuvaa shati lake jipya," akasema.

"Mwambie avae."

"Na wewe uvae jipya, Mas." Akageuka aondoke, kisha akarudi hatua moja. "Zile bisibisi zako ziache nyumbani."