Jani Lililojikunja

Mwezi wa Julai, asubuhi za Verlene zilianza kwa harufu ya mafuta ya taa. Bibi Zelpha alichovya vitambaa kwenye mafuta hayo, akamfunga navyo miguuni juu kidogo ya viatu, kisha akamgeukia Tansy, mdogo wake Verlene wa miaka minne, akamfunga vilevile. Hiyo ndiyo iliyokuwa kinga yao dhidi ya wadudu wekundu wa nyasini, wale wadogo wasioonekana, ambao wakikupata unajikuna mpaka unasahau jina lako.

"Haya, mnakwenda kuchuma wapi?" Bibi aliuliza, kana kwamba hajui.

"Shamba la juu," Verlene alijibu.

"Na chini ya nyaya za umeme?"

"Hatugusi!" Tansy alidakia.

"Kwani kuna nini pale, Bibi?" Verlene aliuliza.

"Kuna hivi: mimi nimesema msiguse. Chukueni ndoo, jua linapanda."

Verlene alichukua ndoo. Moyoni aliamini kwamba pale chini ya nyaya palikuwa na nyoka, kwa maana watu wazima wa bonde lile walikuwa na mazoea ya kukataza kitu bila kusema sababu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya watu kurudi nyumbani. Waliohamia mijini kutafuta kazi wangerudi milimani, wasali pamoja katika kanisa dogo la mbao, halafu wale chakula cha mchana uani kwenye meza ndefu. Kila nyumba ilileta kitu. Nyumba ya Bibi Zelpha ilileta kobla, yaani beri nyeusi za porini zilizochemshwa kwa sukari na siagi, zikafunikwa kwa unga uliokandwa, kisha zikaokwa mpaka juu pakawa rangi ya dhahabu na pembeni mchuzi wa zambarau ukafurika. Kuna watu waliosafiri siku nzima kwa ajili ya kobla hiyo, ingawa walisema wamekuja kwa ajili ya ibada.

Mwaka huu Verlene alikuwa na sababu yake ya kuingoja siku hiyo. Alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili, na katika ukoo wao, msichana wa umri huo ndiye aliyefunika bakuli la kobla kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Chake kilikuwa karibu kwisha. Beri alishazishona zote, kwa vifundo vidogo vidogo vya uzi vilivyosongamana. Lilibaki jani moja tu, na Bibi hakuruhusu mtu adarizi jani la kubuni wala la kunakili gazetini. Ilikuwa lazima kuleta tawi bichi, kulitazama na kulifuata.

Kwa hiyo unaweza kufikiria jinsi alivyovunjika moyo walipofika shamba la juu. Ndege walikuwa wamewatangulia. Walizunguka vichaka vyote, wakachanwa na miiba, na beri walizopata hazikufunika hata kitako cha ndoo.

"Nimechoka," Tansy alisema. "Turudi."

"Turudi na nini? Kesho watu wale kobla ya hewa?"

Njia ya kuteremkia ilipita kando ya nyaya za umeme. Pale vichaka viliinama kwa uzito. Beri zilikuwa nene, nyeusi, zinang'aa, na hapakuwa na dalili ya mtu aliyezigusa. Verlene alisimama. Akaokota fimbo, akapiga kichaka mara kadhaa, akasikiliza. Hakuna nyoka. Akapiga tena. Kimya.

"Bibi alisema..." Tansy alianza.

"Bibi anaogopa nyoka. Umeona nyoka wewe?"

Ndoo ilijaa upesi. Tansy naye alikula mpaka kidevu kikawa zambarau. Mwishowe Verlene alikata tawi moja la kwenda kudarizia, akaliweka juu ya ndoo, akamfuta mdogo wake uso kwa mkono wa shati.

"Usimwambie Bibi tulichumia hapa. Umesikia?"

"Hata akinifinya?"

"Hata akikufinya."

Tansy aliziba mdomo kwa mikono yote miwili kuonyesha jinsi atakavyoitunza siri hiyo, na wote wawili wakacheka.

Bibi alipoiona ndoo, alipiga makofi. "He! Shamba la juu limezaa hivi mwaka huu?"

"Limezaa, Bibi," Verlene alisema, uso mkavu.

Ulikuwa uongo mdogo. Aliona utaliwa pamoja na kobla kesho mchana, na habari yake itaishia hapo. Alikaa barazani na sindano yake huku Bibi akiosha beri na kukanda unga jikoni. Tawi lilikuwa mbele yake. Jani lake lilikuwa la ajabu kidogo: shina lake limepinda, kingo zimejikunja kwa ndani, na ncha imejisokota. Verlene alidhani ni joto. Basi alilifuata vilevile lilivyo, mkunjo kwa mkunjo, na alipomaliza alijisifu kimoyomoyo. Lilikuwa jani zuri kuliko yote aliyowahi kushona. Alikikunja kitambaa, akakitia kapuni. Bibi angekiona kesho, mbele ya watu.

Jioni Mjomba Estill alipita kuwasalimu. Alikuwa kwenye kikosi cha wanaosafisha njia za nyaya za umeme. Alikuta kobla imeshatoka kwenye oveni, akainusa na kuusogelea ukingo wa bakuli kwa kidole.

"Toa mkono wako mchafu," Bibi alimwambia. "Watoto wenyewe hawajaonja."

"Basi, mama, basi. Mlichumia wapi?"

"Shamba la juu," Bibi alijibu.

"Afadhali. Maana wiki iliyopita tumepuliza dawa ya kuua vichaka chini ya nyaya, bonde zima. Kibao cha onyo tulikiweka kule barabarani tu. Majani yameshaanza kujisokota kama mkia wa nguruwe, na beri zimening'inia pale zinatamanisha kweli. Mtu akizila atajuta."

"Ndiyo maana uliponidokeza niliwakataza," Bibi alisema. "Na wajukuu zangu wanasikia. Au siyo, Verlene?"

"Ndiyo, Bibi."

Verlene alimwangalia Tansy, aliyekuwa sakafuni akichezea vijiko, akakumbuka kile kidevu cha zambarau. Akataka kusema pale pale. Lakini Bibi alikuwa anamtazama kwa macho ya kujivunia, na Mjomba alikuwa anasikiliza, na mdomo ukawa mzito. Nitasema akiondoka Mjomba, aliwaza. Mjomba alipoondoka, akawaza: nitasema asubuhi. Usiku ule aliamka mara kwa mara kusikiliza pumzi za mdogo wake.

Asubuhi mambo yalizidi. Bibi alikuwa amebakiza beri chache, akazitia kwenye kibakuli na maziwa juu yake, akampa Tansy. Verlene alikuwa anavaa viatu. Alipogeuka, mtoto alikwisha kula vijiko viwili vitatu. Alikurupuka, akapita karibu na meza na kukipiga kibakuli kiwiko. Kikaanguka, maziwa ya zambarau yakasambaa.

"Wewe mtoto una nini leo?" Bibi aling'aka. "Mikono mlenda! Siku ya kanisa hii!"

"Nisamehe, Bibi. Sikukiona."

Ule ukawa uongo mwingine. Kanisani hakusikia hata neno moja la mahubiri. Alikaa akihesabu njia za kuipoteza ile kobla: aiangushe, aifiche, ajifanye anaumwa ili warudi nyumbani nayo. Kila njia ilikuwa na mlango mmoja uliofungwa, na nyuma ya mlango huo palikuwa na maneno ambayo hakutaka kuyasema.

Baada ya ibada meza ilijaa: kuku wa kukaanga, maharage, mahindi, mikate ya unga wa njano. Bibi Zelpha akaliweka bakuli lake katikati, na wanawake wakasogea kukitazama kitambaa.

"Ona hizo beri, utadhani zinadondoka!" alisema Bi Maudine, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, aliyewahi kuwa muuguzi kwa miaka mingi. "Zelpha, huyu amekurithi."

Bibi alivaa miwani, akainama. Alitabasamu kwenye beri. Alipofika kwenye jani la mwisho, tabasamu likakatika.

"Verlene. Hili jani uliliona wapi?"

Aliuliza kwa sauti ya chini tu. Lakini Verlene alijua kwamba Bibi ameukumbuka mkia wa nguruwe.

"Ni... nilikosea kushona, Bibi. Uzi ulijivuta."

"Ah, mwache mtoto," Bi Maudine alicheka. "Mkono wake bado unajifunza. Mimi la kwangu la kwanza lilifanana na chura!"

Watu wakacheka. Bibi alimtazama mjukuu wake, akaamua kumwamini, akavua miwani. "Haya," alisema. "Kama ni uzi, ni uzi." Mchungaji akaomba, watu wakaitikia, na Bibi akachukua kijiko kikubwa kupakua. Kwa desturi, sahani ya kwanza ya kobla ilikuwa ya mzee kuliko wote, Mzee Orbin, ambaye alikuwa ameshika kijiko chake na ameshaanza kujilamba midomo.

Hapo ndipo Tansy alipojikunja kwenye benchi na kulia.

"Tumbo," alisema. "Tumbo linaniuma."

Bi Maudine alimfikia kwanza. Akampapasa paji la uso, akamgusa tumbo. "Umekula nini, mama? Niambie mimi. Umekula kitu gani?"

Tansy alimtazama dada yake. Machozi yalikuwa yanamtiririka, uso umempauka kwa maumivu. Halafu akainua mikono yote miwili, akaziba mdomo.

Verlene hakuweza kustahimili kuona hivyo. Angeweza kuvumilia aibu, angeweza hata kuvumilia kuchapwa, lakini si mtoto yule anayeteseka huku akimtunzia siri.

"Msile!" alipiga kelele. "Mzee Orbin, weka kijiko! Hatukuchumia shamba la juu. Tulichumia chini ya nyaya. Tansy amekula nyingi sana, jana na leo asubuhi. Nilijua tangu jana jioni, nikanyamaza. Sikukosea kushona. Jani lilikuwa hivyohivyo!"

Mzee Orbin aliweka kijiko taratibu. Bibi Zelpha alichukua bakuli lake, kobla ambayo watu waliingoja mwaka mzima, akaenda nalo hadi pembeni ya ua, akachimba shimo kwa koleo la kanisa, akaimwaga yote na kuifukia. Watu wote walimtazama akifanya hivyo, na Verlene alitamani na yeye afukiwe humo.

Mjomba Estill aliwasha gari lake. Njiani kwenda zahanati, Bibi akiwa amempakata Tansy, Bi Maudine aliuliza, na Verlene alijibu kila kitu: kiasi gani, saa ngapi, zilioshwa au hazikuoshwa, hata jinsi alivyodhani kwamba pale pana nyoka tu. Mjomba alitaja jina la dawa. Daktari wa zamu alimpima Tansy kwa muda mrefu, akamnywesha maji ya chumvi na sukari, akawaweka hapo mpaka jua likaelekea magharibi. Tansy alitapika mara moja, akalala, akaamka na kudai mkate.

"Atapona," daktari alisema. "Mmeniambia alichokula na lini, ndiyo maana nilijua pa kuanzia. Msingesema, ningekuwa nabahatisha, na mtoto mdogo si wa kubahatishiwa."

Waliporudi nyumbani, Bibi alimlaza Tansy, kisha akatoka barazani alikokuwa Verlene, peke yake, hajala tangu asubuhi. Akakaa karibu naye. Verlene alingoja kugombezwa.

"Kwanza kosa langu," Bibi alisema. "Nilikukataza bila kukueleza sababu. Ningekueleza, usingehangaika na nyoka wasiokuwepo. Hilo ni langu, na sitalirudia."

Verlene alianza kulia.

"Sasa lako. Kuchuma pale ulikaidi, lakini hukujua kuna sumu. Ukaniongopea, na hilo pekee lilinitosha kukukasirikia. Ila tangu Mjomba wako aliposema neno lile, ulijua. Kuanzia hapo, kila saa uliyonyamaza wewe ndiye uliyekuwa unampa mdogo wako sumu, si kichaka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi. Niliogopa."

"Najua uliogopa. Hata ulipopiga kelele uliogopa, nilikuona. Hofu haikuondoka, ulisema nayo hivyohivyo. Fanya hivyo siku zote, ila fanya mapema, kabla mtoto hajalia."

Verlene alifuta machozi. Kulikuwa na jambo moja zaidi lililomchoma, na safari hii hakulimeza.

"Bibi, watu wameona. Mwakani nani atakubali kula kobla yako?"

Bibi Zelpha alimsikiliza Tansy akikoroma ndani.

"Watakula wote," alisema. "Leo wameona kwamba katika nyumba hii, chakula kikiwa kibaya, tunasema wenyewe na tunakimwaga mbele yao. Kwa hiyo kikiletwa na tukinyamaza, watajua ni kizuri. Haya, inuka. Nenda ukamwombe Mzee Orbin radhi kwa mdomo wako mwenyewe, maana sahani ya kwanza ilikuwa yake."

Verlene aliinuka, akavaa viatu, akaenda.