Alama ya Msumari

Germain ameomba hadithi hii isianze na jini, ianze na yeye. Basi iwe hivyo. Germain alimsingizia mtu wizi, akaja kujua kwamba mtu yule hakuiba, akanyamaza.

Mtu yule aliitwa Kalombo, makanika wa mtaa wa Kikula. Germain alikuwa na mashua ya mbao kwenye ziwa la Mwadingusha, imezeeka, inavuja kama kikapu. Kilichoizuia kuzama ni pampu ya kutoa maji, na pampu ilikula umeme wa groupe, jenereta ndogo iliyofungwa nyuma. Groupe ikizima katikati ya ziwa, maji yanapanda bila kulipa nauli. Na kila juma aliyevuka na mashua hiyo kwenda kununua samaki ni Marceline, mke wa Germain.

Sasa, mwenye groupe kwetu hamwamini makanika hata akiwa shemeji yake. Unampa mashine yenye kabureta mpya, anakurudishia yenye kabureta ya marehemu. Kwa hiyo watu hutia alama. Germain alichukua msumari, akakwaruza mistari mitatu kwenye kila kipande cha nje, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, ndipo akampelekea Kalombo. Groupe ilirudi inaimba. Germain akaifungua kuhakikisha: kabureta haikuwa na alama. Hakuuliza kwanza. Alikwenda kumpigia Kalombo kelele sokoni, siku ya watu wengi, na Jumapili akarudia mlangoni mwa kanisa.

"Tata Germain, minye siyibake kintu," Kalombo alikana. "Angalia tena muzuri."

"Mwizi iko na kinywa tamu!" Germain alijibu, na watu wakacheka.

Miezi miwili baadaye alikuwa anasafisha kabureta ile kwa petroli. Masizi yakatoka, na chini yake mistari mitatu ikamtazama. Germain akaifunika mashine kwa turubai. Wakati huo hakuna aliyempa Kalombo kazi tena. Alikwenda kuchimba madini, na shimo likamwangukia. Germain aliletewa habari ya kifo akiwa mezani. Alimaliza bukari yake, ugali wote sahanini.

Juma lililofuata groupe ilizima katikati ya ziwa. Wanawake waliokuwemo walichota maji kwa mabeseni ya samaki, wakiimba tenzi, mpaka ufukweni. Marceline alirudi nyumbani amelowa hadi kifuani.

"Tafuta makanika mwenye kuogopa Mungu," alisema. "Shiye bote twangelikufa leo."

Germain alitafuta. Wa kwanza alitaka kuondoka na mashine kwake, peke yake. Wa pili aliisifu kabureta kama mtu anayesifu mchumba. Wa tatu, Cyrille, mtu wa maneno machache, alikuja mwenyewe nyumbani Kikula, akasema, "Kaa hapa karibu, unione nikifungua." Germain akamshukuru Mungu.

Ilikuwa adhuhuri, jua kali. Cyrille alifungua mashine mpaka ndani kabisa, kisha akanyoosha kidole.

"Tata, nani aliingiza musumari humu?"

Juu ya pistoni kulikuwa na mistari mitatu, mipya, inang'aa. Harufu ya tope la ziwa ikapanda, pamoja na oili iliyoungua. Halafu, chini ya pistoni, mahali ambapo hata kidole hakiingii, kukasikika kitu kinakwaruza chuma polepole. Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Cyrille alianza kukusanya funguo zake za kufungulia nati, akazitazama, akaziweka chini moja moja. Zote zilikuwa na mistari mitatu.

"Beba funguo zako, ndugu," Germain alinong'ona.

"Hapana zangu tena. Minye sichukuake kintu iko na alama ya mwenzangu." Akaondoka mikono mitupu.

Tangu siku hiyo alama ilitembea. Ilianza na kifuniko cha sufuria, ikaenda kwenye kiti, ikaenda kwenye mdomo wa jogoo, na kila kilichokwaruzwa kilikaa siku tatu tu, kisha mchana kweupe, watu wakiwa wamegeuza shingo kidogo, kinatoweka na kuacha dimbwi la maji yanayonuka ziwa, mpaka Germain akawa anazunguka nyumba nzima asubuhi na jioni, anageuza sahani, anageuza viatu, anapapasa kuta, hali, haketi, anasikia ule mkwaruzo nyuma ya kila mlango anaoufunga, na akiufungua unahamia mlango mwingine.

"Germain," Marceline alimwita, "angalia hapa ku kisigino. Mwiba?"

Alitazama. Mistari mitatu.

"Ndiyo... mwiba."

"Weye unadanganya. Ukidanganyaka, jicho ya kushoto inacheza. Sema!"

Akamweleza yote. Marceline hakupiga kelele. Alishusha mguu chini, akasema, "Basi niko na siku tatu."

Walimwita Mama Jaël, mama wa maombi. Alipoanza kuomba, groupe ilinguruma, bila petroli, imefunguliwa vipande vipande sakafuni, mpaka sauti yake ikamezwa. Akanyamaza. Mngurumo nao ukanyamaza.

"Huyu hapana Kalombo," alisema kwa sauti ya chini. "Bantu ba kufa beko na Mungu. Hii ni jini ya maji, inaingia kwenye mlango weye ulifungua. Uongo yako ndiyo karatasi yake ya kumiliki kiwanja. Minye nitaifukuza namna gani, na iko na karatasi?"

"Nifanye nini, mama?"

"Rudisha jina muzuri ya ule muntu. Ku kila sikio kwenye uliitupa."

Siku ya kwanza Germain alisimama sokoni Kikula na mlangoni mwa kanisa, akapaza sauti kwamba alimsingizia Kalombo. "Leo umekunywa?" mmoja alimtania. Akaendelea. Siku ya pili alikwenda Mulungwishi kwa Orpa, mjane wa Kalombo. Orpa alikuwa anaosha vikombe, hakuinuka.

"Kwa minye haukukuwa na haja ya kuja," alisema. "Minye nilijua bwana yangu. Enda kwa bale bengine."

Jioni hiyo mstari mmoja kisiginoni mwa Marceline ulikuwa umefutika. Siku ya tatu alizunguka mlango kwa mlango mpaka sauti ikakauka, na mstari wa pili ukafifia. Jua lilipokuwa linatua, maji yalipenya chini ya mlango, yakatambaa kwenye sakafu kavu, yakafika kwenye vidole vya miguu ya Marceline aliyemshika mumewe kwa mikono yote miwili, yakasimama hapo, yakitetemeka, kisha yakarudi taratibu yalikotoka.

Cyrille alikuja tena. Pistoni ilikuwa safi. Sasa mashua inavuka.

Lakini mstari mmoja haujaondoka. Marceline akivaa viatu vikavu asubuhi, adhuhuri kisigino kimelowa, na siku hizi maji yanafika kwenye kifundo cha mguu. Mama Jaël anasema kuna sikio limebaki. Siku ile sokoni walikuwepo wapita njia, wa Kambove, wa Kolwezi, wa Lubumbashi, na Germain hawajui majina.

Kwa hiyo wewe unayesikiliza, labda ulikuwepo, labda ulisimuliwa na aliyekuwepo. Tunakuomba umwambie mtu mmoja, leo hii: Kalombo, makanika wa Kikula, hakuiba.