Fundi Alisema, Funga Mbwa Kwanza

"Mwanaume wako yuko wapi?"

Hivyo ndivyo mchumba wangu alivyoingia studio. Hakubisha hodi. Aliupiga mlango teke, bawaba ya juu ikang'oka, na mkononi ameshika bisibisi ndefu ya kazi yake.

Mimi nimekaa kwenye kiti cha mapozi, gauni jipya, midomo myekundu, nanukia vizuri.

Na mwanaume anayemtafuta alikuwepo kweli. Amekaa miguuni kwangu. Amevaa tai nyekundu. Ana jicho moja. Na ana mkia.

Mnaonisoma, msicheke bado. Baada ya dakika chache humo ndani mlijaa damu, na nyingine ilikuwa yangu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana mtaanza kunilaumu kabla hamjajua.

Mimi nashona mapazia. Chumba changu cha mbele ndiyo karakana: cherehani, meza ya kukatia, marobota ya vitambaa mpaka darini. Nyuma kuna kiwanja kidogo, na kiwanja hicho kina mwenyewe. Mbwa wangu, Afande.

Nilimpa jina hilo kwa sababu tangu mdogo alikuwa anakagua kila anayeingia. Viatu, mfuko, pindo la suruali. Akiridhika anakwenda kulala. Wateja walishazoea, wanasimama wenyewe wakaguliwe.

Akiwa bado mtoto alitafuna mnyororo wa geti, chonge lake la juu la kushoto likakatika. Tangu siku hiyo kila kandambili yangu ina muhuri wake. Tundu, pengo, halafu tundu mbili zimebanana. Hata uniamshe usingizini, alama hiyo naijua.

Sasa sikilizeni.

Mwaka jana, mchana mmoja wa mvua kubwa, umeme umekatika, niko mezani nakata kitambaa. Nikaona kivuli.

Nikageuka. Mtu. Koti refu la mvua, kichwani helmeti ya pikipiki, kioo cheusi kimeshushwa.

Alinipiga ngumi ya sikio, nikaenda chini pamoja na meza. Akanikalia mgongoni, akachukua utepe wangu wa kupimia, ule niliouvaa shingoni, akaanza kuuvuta.

Nilikuwa naziona namba za utepe karibu kabisa na jicho langu. Halafu nikawa sizioni.

Afande alipita kwenye wavu wa dirisha la nyuma. Hakuuzunguka, alipita nao. Nilisikia yule mtu akipiga ukunga ndani ya helmeti. Nilisikia mfupa. Nikasikia na mkasi wangu ukiokotwa sakafuni.

Jicho la Afande lilipotea pale. Lakini hakuachia mpaka yule mtu alipojirusha nje kwenye mvua.

Polisi walikuja, wakakagua mlango.

"Haujavunjwa, dada. Uliuacha wazi."

"Niliufunga."

"Basi aliufungua nani?"

Walipoondoka nikabaki na shingo iliyovimba, na kila pikipiki ikipita nakimbilia komeo.

Kesho yake nikampigia fundi wa vitasa. Duka lake lipo kona ya mtaa wetu, nilikuwa nalipita kila siku bila hata kugeuza shingo. Kila mtu anamwita Fundi, na mimi nikamwita hivyohivyo.

"Nakuja sasa hivi," akasema. "Ila funga mbwa kwanza."

Hapo sikushangaa. Ni fundi gani asiyesema hivyo? Wa bomba anasema, wa umeme anasema. Afande ndiyo kwanza katoka kwa daktari wa mifugo, kichwa kizima bandeji. Nikamfungia stoo.

Alibweka mpaka sauti ikakauka. Alikwaruza mlango mpaka kucha zikatoka damu.

"Pole yake," Fundi akasema. "Ana hasira na dunia."

Alifanya kazi taratibu, karibu yote kwa mkono mmoja. Mwingine kautia mfukoni. Nikaona ni mbwembwe tu za mafundi waliokubuhu.

"Hiki kitasa chako ni pambo," akaniambia. "Mtu anakifungua kwa uma wa chakula. Usijali, mimi nipo."

Jamani, mwanamke aliyekabwa shingo akiambiwa "mimi nipo"... mnaelewa. Alirudi kesho yake kukagua. Na kesho yake tena. Mvua zilipokatika tayari alikuwa mchumba.

Sheria ikabaki ileile. Kabla hajafika ananipigia: "Funga mbwa kwanza." Mimi nafunga. Afande anabweka kama kichaa, sisi tunakunywa chai.

"Ana wivu huyo," Fundi alikuwa anasema, na mimi nacheka.

Shangazi yangu, aliyenilea, hakucheka.

"Mbwa huyu anawakagua watu wote, wala hajawahi kumchukia mtu bure," akasema. "Hebu mwache siku moja amkague mchumba wako."

Fundi alinuna. Akasema Shangazi ananichonganisha. Shangazi akapunguza kuja. Halafu mwenzangu niliyekuwa nashona naye akawa "anakusema vibaya huko nje". Naye nikampoteza. Halafu simu yangu ikawekwa kitu cha kuonyesha nilipo, "kwa usalama wako, mpenzi."

Nilishukuru. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo. Nilisema asante.

Harusi ilipokaribia akatoa la mwisho.

"Siwezi kuishi na huyo mnyama. Kuna jamaa analinda maghala nje ya mji, kesho anakuja kumchukua."

"Ameniokoa maisha, Fundi."

"Na mimi nimekufanyia nini?"

Nilikubali. Nitukaneni, nastahili.

Usiku huo sikulala. Nikagundua kwenye simu nina picha za mapazia ya watu wasionijua, na sina picha hata moja nzuri ya mimi na Afande. Nikasema hapana. Hawezi kuondoka kwangu kama gunia. Nitampeleka kwa mpiga picha wa kweli, tukae kwenye taa, tupigwe picha kama watu.

Asubuhi mapema nikampigia yule mama mwenye studio, mnene, mcheshi, mtaa mzima unamwita Mama Mapozi.

"Nataka kupiga picha na mbwa wangu. Leo."

Nikamsikia anaweka kikombe chini.

"Anauma?"

"Anachagua."

"Basi mlete. Nimeshapiga maharusi wanaouma zaidi."

Fundi nikamdanganya nakwenda kwa Shangazi. Nilijua akisikia ni habari za mbwa, ataharibu. Nikaoga, nikajipamba, nikamvalisha Afande tai niliyomshonea kwa kipande cha pazia.

Ile nguo mpya ndiyo iliyoniponza; jirani alimtania Fundi kwamba kaniona kwenye bajaji nimependeza. Alitazama simu yake, akaona sipo kwa Shangazi. Akampigia Shangazi, Shangazi akasema hajaniona wiki nzima. Mwenye wivu wa kweli akawasha pikipiki.

Wakati huo sisi tulikuwa tunafurahi. Mama Mapozi alikuwa na kidoli cha mpira, akikibinya kinalia, na Afande anakitazama kwa dharau. Alipopiga miayo, Mama Mapozi akamsogelea na kamera, akanasa kinywa chote. Akaipeleka kwenye kioo kikubwa cha kompyuta.

"Ona mzee wako kapoteza jino."

Pengo lile. Nikacheka, machozi yakanitoka.

"Sasa moja ya pamoja," akasema. "Afande, huku. Huku, baba."

Afande hakutazama huku. Alisimamisha masikio, akageukia mlango. Mama Mapozi akabinya kidoli, akabinya tena, wapi. Akapiga hivyohivyo.

Ndipo mlango ukaja ndani.

"Mwanaume wako yuko wapi?"

"Fundi, ni mbwa tu. Nimekuja kumpiga..."

Sikumaliza. Alikuwa amemwona. Nikamwona na yeye uso unavyobadilika rangi. Yule mwanaume mwenye maneno hakusema "wa nani huyu" wala "samahani". Alisema neno moja, taratibu.

"Mfunge."

Hapakuwa na mnyororo, jamani. Hapakuwa na stoo.

Afande hakubweka. Alivuta hewa mara moja tu, akaruka.

Walianguka pamoja na taa kubwa, kioo chake kikapasuka. Fundi alimchoma bisibisi ya bega, Afande akalia lakini hakuachia. Akamchoma tena. Shati la Fundi likachanika kuanzia bega mpaka kiganjani, saa yake ikang'oka. Akamrusha Afande ukutani kwa teke, nikasikia mbavu, na Afande akabaki pale anajaribu kusimama bila kuweza.

Mimi nikakimbilia katikati. Nikamshika Fundi mkono wa kushoto.

Mkono ule sikuwahi kuuona wazi. Mikono mirefu ya shati jua au mvua, na saa pana ya ngozi. Aliniambia mashine ya kuchonga funguo ilimkata, anaona aibu.

Kovu lilikuwa mbele ya macho yangu. Tundu, pengo, halafu tundu mbili zimebanana.

Kandambili zangu.

Nikanyanyua macho. Naye alikuwa ananitazama ninavyotazama.

"Umeona, eh?"

Akanisukuma ukutani, kiganja chake shingoni. Vidole vikakaa palepale ulipokaa utepe.

"Kila siku ulikuwa unapita dukani kwangu," akasema, kwa sauti ileile ya kuniambia mimi nipo. "Salamu huna. Shingo juu. Baada ya ile mvua ukajifunza namba yangu ya simu, si ndiyo?"

Nikamkwaruza usoni. Akanigongesha kichwa ukutani, damu ikaniingia jichoni. Akanyanyua bisibisi.

Na chumba kizima kikawa cheupe.

Mama Mapozi alikuwa kasogea na flashi yake kubwa ya maharusi, kaiweka sentimita chache tu kutoka machoni mwa Fundi, akabonyeza. Fundi akayumba. Akabonyeza tena. Akabonyeza tena, na kamera mkono wa pili inapiga.

"Tabasamu, baba," Mama Mapozi akasema, meno yamekazana. "Tabasamu."

Fundi akapiga bisibisi hewani, haoni kitu, akampata Mama Mapozi begani. Yule mama hakurudi nyuma. Mimi nikaokota stendi ya taa, chuma kizito, nikampiga magotini. Alipoinama nikampiga mgongoni. Alipoanguka nikampiga tena, na nawaambia ukweli, sikutaka kuacha.

Aliyenisimamisha ni Afande. Alijikokota kwa miguu mitatu, akaja akaweka kinywa chake kwenye mkono ule wa kushoto, juu ya kovu lilelile. Hakukata. Alishika tu, akanitazama.

Alikuwa ameshamkagua.

Majirani walipojaa, polisi walipofika, Fundi bado alikuwa anaugulia pale chini na mbwa mkononi.

"Mbwa wao kichaa!" akapiga kelele. "Mimi nilikuja kumchukua mchumba wangu!"

Mama Mapozi, damu zinamchuruzika, akageuza kioo cha kompyuta. Upande mmoja kinywa cha Afande, na pengo lake. Upande wa pili mkono wa Fundi ukiwa shingoni kwangu, taa kali, kovu limetoka mpaka vinyweleo. Askari, yuleyule wa siku ya mvua, akainama, akatazama huku, akatazama kule. Hakuuliza tena mlango ulifunguliwa na nani.

Baadaye walipopekua duka lake, walikuta funguo ya nyumba yangu, aliyoichonga mwenyewe. Siyo ya vitasa vipya. Ya kile cha zamani, cha siku ile ya mvua.

Sasa yuko ndani. Mama Mapozi alishonwa begani na anajisifu mtaani. Afande anachechemea na anakula kuliko mimi. Shangazi alikuja, hakusema "nilikuambia". Alikaa sakafuni, akampa Afande mkono anuse, wakaanza upya.

Polisi walichukua zile picha mbili. Mimi nilichagua ile ya pamoja, nikaitundika juu ya cherehani. Mimi natabasamu kwa kamera kama mjinga mmoja. Afande, na tai yake, anatazama mlango.

Ukitazama picha ile utadhani mbwa hakutulia. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa anajua anachotazama.

Dada zangu, kaka zangu, somo ninaloondoka nalo ni hili. Fundi hakuanza na shingo yangu. Alianza na mbwa, akaja kwa Shangazi, akaja kwa rafiki, akamaliza na simu, na kila mmoja nilimfunga kwa mikono yangu nikidhani napendwa. Mtu akitaka kuingia maishani mwako na sharti lake la kwanza ni uwafungie nje wote wanaokulinda, usimuulize anakupenda kiasi gani. Muulize anaogopa wamwone nini.

Wiki iliyopita nilihitaji kubadilisha vitasa vyote, maana vya Fundi sivitaki hata kuviona. Nikampigia fundi mwingine, mzee mmoja wa mtaa wa pili. Akafika getini na sanduku lake, akaona jicho moja linamchungulia kwenye upenyo.

"Mwanangu," akasema, "funga mbwa kwanza."

Nikafungua geti lote.

"Samahani, mzee wangu. Hapa kwetu mnaanza kwa kusalimiana."

Akasita. Akacheka. Akaweka sanduku chini na kunyoosha mkono. Afande akanusa viatu, akanusa sanduku, akanusa pindo la suruali.

Kisha akaenda kulala.