Bati la Mwisho

Msiniulize maana, nimechoka kuitafuta. Rafiki yangu mchapaji si mtu wa uongo; uongo wake wote huumaliza kwenye picha. Tangu ahamie nchi hii akiwa kijana, amekuwa akichonga mambo ya ndotoni kwenye mabati ya shaba, anayapaka wino, anachapa: samaki waliofunga tai, ngazi zilizoota masikioni mwa watu. Mwishowe bega likamshinda, akaamua kufunga karakana.

Mchapaji akiacha kazi, huyaua mabati yake. Huyakwaruza kwa msumari kona hadi kona, yasichapwe tena. Picha zilizokwisha kuchapwa hazidhuriki.

Jioni ile lilibaki bati la mama yake mzazi, ambaye alimwacha kwao alipohama, asimwone tena. Pichani mama ameketi, amebeba nyumba nzima mgongoni, mikono mapajani. Nakala za zamani za picha hiyo zilining'inia kwenye kamba.

"Mama, niwie radhi, nimechoka," akasema, akakandamiza msumari.

Umeme ukakatika. Akamalizia gizani kwa kupapasa, msumari ukilia kwenye shaba. Alipouinua, akasikia karatasi zikichakarika juu ya kichwa chake, zote kwa pamoja. Karakana yake ni chumba cha chini ya ardhi kisicho na dirisha, na mlango ulikuwa umefungwa.

Umeme uliporudi akanipigia simu. "Ndugu yangu, njoo. Huenda ni macho yangu tu yamezeeka."

Nilikwenda. Kwenye kila nakala, mama alikuwa ameinua mkono kuukinga uso. Kiganjani palikuwa na mkwaruzo mrefu. Nikaugusa. Wino ulikuwa bado mbichi.